Kitu kimoja ukutani: mwongozo kamili wa kuyasoma mabango ya filamu za zamani

Tembea hapa Lubumbashi, kutoka soko la mtaa wa Kenya hadi Kamalondo, huku ukitazama afishi zilizobandikwa kwenye kuta na nguzo. Tamasha la muziki: vichwa sita vya wanamuziki, moto nyuma yao, majina kwa herufi za dhahabu zenye vivuli. Kampeni ya maombi: mchungaji na mkewe, wageni wanne ndani ya miduara, njiwa, miale ya jua, namba tatu za simu. Ukifika nyumbani jaribu kuikumbuka hata moja. Utakumbuka moto, na kwamba kulikuwa na watu wengi.

Sasa fikiria mamba aliyeuma mpira kwenye nembo ya TP Mazembe, timu yetu ya soka. Mtoto yeyote wa mtaa wa Katuba anaweza kumchora mchangani kwa kijiti, na mtoto mwenzake akimpita atajua ni nini bila kuuliza. Mamba huyo hana moto, hana dhahabu, hana jua nyuma yake. Ana mdomo na mpira, basi.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuelewa kwa nini kitu kimoja hukaa kichwani wakati vitu kumi vinateleza. Nimechagua mabango ya filamu ya miaka ya 1920 hadi 1980 kwa sababu kazi yake ni ileile ya afishi zetu: kumsimamisha mtu mwenye haraka zake, ambaye hajui lolote kuhusu jambo unalomwalika. Wachoraji waliofanya kazi hiyo vizuri zaidi duniani waliifanya kwa kuondoa, wala si kwa kuongeza. Kuona walichokiondoa kunahitaji mazoezi ya jicho, na mazoezi hayo yana mpangilio.

Andaa vitu vyako

Huhitaji bango halisi. Mabango halisi ya zamani yamekuwa mali ya matajiri: mwaka 2005 nakala ya bango la Metropolis, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1927, lililochorwa na Heinz Schulz-Neudamm, iliuzwa kwa dola 690,000. Wewe tafuta kwenye simu picha safi za mabango kama kumi. Anza na The Man with the Golden Arm (1955), Vertigo (1958), Anatomy of a Murder (1959), Rosemary's Baby (1968), Jaws (1975) na Alien (1979). Ongeza mabango ya Kuba ya miaka ya 1960, ya Poland ya miaka hiyohiyo, na ya ndugu wawili wa Urusi ya Kisovieti, Vladimir na Georgii Stenberg.

Nenda nazo kwenye kibanda cha fotokopi, uzitoe kwa karatasi za A4, nyeusi na nyeupe. Usilipie rangi bado, utaona sababu. Nunua pia makaratasi meusi ya wanafunzi, mkasi, gundi na kalamu nene nyeusi.

Simama mbali

Kosa la kwanza la mtazamaji ni kulisogelea bango kama kitabu. Bango la kawaida la Marekani lilikuwa na upana wa sentimita 69 na urefu wa sentimita 104, na lile kubwa la Ufaransa lilifika sentimita 120 kwa 160. Yalichapwa ili yasomwe na mtu anayetembea ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo bandika nakala yako ukutani, rudi nyuma mpaka usiweze kusoma maandishi madogo, hesabu polepole hadi tatu, kisha geuka uupe ukuta mgongo.

Sema kwa sauti ulichokiona. Si ulichokielewa, wala si unachodhani filamu inasimulia. Ulichokiona. “Nimeona duara jeupe linalozunguka kwenye rangi ya machungwa, watu wawili katikati.” Hiyo ni Vertigo, na umeshabeba sehemu kubwa ya kazi ya Saul Bass, aliyelibuni bango hilo.

Kwenye simu fanya kinyume chake: punguza picha mpaka iwe ndogo kama kucha ya kidole gumba. Ni jaribio lilelile. Bango lililojengwa juu ya umbo moja kubwa halipotei likipunguzwa. Lenye vichwa sita hugeuka uji.

Litaje kwa sentensi isiyo na “na”

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo wanafunzi huipita haraka kuliko zote. Eleza picha ya bango kwa sentensi moja fupi isiyo na neno “na”. Mkono uliopindapinda. Yai linapasuka. Maiti imekatwa vipande. Ukishindwa, yaani kila ukijaribu “na” inarudi, ama bango lina vitu vingi mno, ama hujagundua kile kinachovifunga.

Chukua Jaws, kwa sababu inaonekana kuvunja kanuni. Kuna samaki papa, kuna mwanamke anayeogelea, kuna bahari. Vitu vitatu. Lakini sentensi ipo: papa anampandia mwanamke. Bango zima ni kitenzi hicho kimoja.

Tazama lilivyojengwa. Mwanamke yuko juu kabisa, mdogo, amelala kwa mlalo juu ya uso wa maji. Papa anatoka chini, amesimama wima kama ncha ya mkuki, mdomo umefunguka kwenye meno yasiyopangika. Mistari miwili tu: mmoja wa mlalo, mmoja wa wima, na wa wima unaelekea kuukata wa mlalo. Kati yao kuna maji matupu ya buluu. Weka kidole chako pale kwenye maji. Pengo hilo ndilo linalokufanya ushike pumzi, maana jicho haliwezi kuacha kulipima: bado kidogo, bado kidogo. Angemgusa, tungebaki na picha ya ajali iliyokwisha kutokea, na ajali iliyokwisha kutokea haimwiti mtu kununua tiketi.

Roger Kastel aliyeichora picha hiyo hakuichorea filamu. Riwaya ya Jaws ya Peter Benchley ilitoka mwaka 1974, jalada lake la kwanza likiwa limebuniwa na Paul Bacon, lenye samaki mweupe mwenye umbo la kufikirika akimwelekea mwogeleaji kwenye weusi. Kampuni ya Bantam ilipotaka kutoa toleo la bei nafuu ilimwomba Kastel mnyama mkubwa zaidi, wa kweli zaidi. Alikwenda katika jumba la makumbusho ya viumbe mjini New York kutazama papa waliokaushwa. Jalada likapendeza hivi kwamba watu wa sinema walilichukua kwa ajili ya bango. Na linganisha na filamu yenyewe: mwanamke wa kwanza huuawa usiku, gizani, wakati bango ni la mchana mweupe. Papa wa bango, ukimpima kwa mwili wa mwanamke, ni mkubwa kupita papa yeyote. Kastel hakunakili tukio. Alichora hofu iliyomo ndani ya tukio, kwa ukubwa ambao hofu huwa nao.

Fanya sentensi yako kwa kila nakala uliyonayo, uiandike nyuma ya karatasi. Usiendelee mbele kabla hujamaliza.

Ipeleke kwenye fotokopi mara ya pili

Chukua ile nakala nyeusi na nyeupe uitoe fotokopi tena, kisha nakala hiyo uitoe tena. Kila mzunguko mashine inakula rangi za kati: kijivu hugeuka cheusi au cheupe, sura za watu zinayeyuka, maandishi madogo yanajaa wino. Kinachobaki mzunguko wa tatu ndio mifupa ya bango.

Mwili uliokatwa wa Anatomy of a Murder haupotezi kitu hata ukiunakili mpaka mashine ichoke. Bass aliufanya kama mtu aliyekata karatasi nyeusi kwa mkasi: kichwa, kiwiliwili, mikono, miguu, kila kipande kimeachana kidogo na jirani yake, juu ya machungwa na nyekundu. Ni filamu ya Otto Preminger kuhusu kesi ya mauaji mahakamani, ambako maisha ya watu yanachunguzwa kipande kwa kipande. Hakuna damu. Nafasi nyembamba kati ya vipande ndiyo inayofanya kazi ambayo damu ingeifanya vibaya.

Ukimaliza, jaribu kufunika. Ziba kwa kiganja sehemu moja ya bango baada ya nyingine. Ukiziba mahali bango likapungukiwa, hapo ndipo penye kazi. Ukiziba robo ya bango bila kupoteza chochote, robo hiyo ilikuwa mapambo.

Uliza linaficha nini

Watu wengi hulisifu bango kwa linachoonyesha. Mimi nakuomba ulisome kwa linachokataa kuonyesha, maana huko ndiko uamuzi mkubwa wa mchoraji ulikofanyika.

The Man with the Golden Arm ni filamu ya mpiga ngoma aliyetekwa na heroini. Mwaka 1955 jambo hilo lilikuwa mwiko Hollywood. Chama cha watengenezaji filamu kilikataa kuipa kibali chake, na Preminger akaitoa bila kibali. Mwigizaji wake mkuu alikuwa Frank Sinatra, sura ambayo ingetosha kuuza tiketi popote. Bass angeweza kuchora sindano, au angeweza kuipa sura hiyo bango zima. Aliweka katikati mkono mweusi uliopinda kama tawi lililokauka, vidole vimekakamaa, na nyuso za waigizaji akazisogeza pembeni ndani ya visanduku. Mkono ndio wa mpiga ngoma, mkono ndio wa sindano, mkono ndio ulio katika jina la filamu. Kitu kimoja kimebeba maana tatu bila kuzitamka. Bass aliutumia mkono huohuo katika majina ya mwanzoni mwa filamu, na mikanda ilipopelekwa kwenye kumbi iliambatana na agizo kwa waendesha mashine: pazia lifunguliwe kabla majina hayajaanza. Mpaka siku hizo majina yalikuwa yakionyeshwa juu ya pazia lililofungwa, watu wakitafuta viti.

Mbunifu Philip Gips alilijua jambo hili vilevile. Kwa Rosemary's Baby, akifanya kazi na Stephen Frankfurt, aliulaza uso wa mwanamke kwa rangi ya kijani, mkubwa kama mlima, akaweka mbele yake gari dogo jeusi la kumbebea mtoto juu ya mwamba. Mtoto haonekani. Sijui bango jingine linalokufanya usitake kuchungulia ndani ya kigari. Miaka 11 baadaye alibuni la Alien: weusi, yai moja, ufa unaotoa mwanga wa kijani. Zimwi halipo. Hata yai lenyewe halifanani na mayai ya ndani ya filamu, ambayo ni makubwa yenye ngozi; hili linafanana na la kuku. Gips alichagua yai ambalo kila mtu duniani amelishika mkononi, ili kila mtu ahisi kwamba hili halipaswi kutoa mwanga. Mkewe, Barbara Gips, ndiye aliyeandika sentensi ya chini yake: angani hakuna atakayesikia ukipiga mayowe.

Kwa kila nakala yako andika sasa orodha fupi ya vitu ambavyo mchoraji mvivu angeviweka. Bunduki? Busu? Gari linaloungua? Kadiri orodha inavyokuwa ndefu ndivyo utakavyoheshimu mkono uliovikataa.

Hesabu rangi

Sasa rudi kwenye picha za rangi zilizo kwenye simu. Hesabu: rangi ngapi, ukiacha nyeusi na karatasi yenyewe? Mabango mengi yaliyodumu yana mbili au tatu. Wakati mwingine ni ladha ya msanii. Mara nyingi zaidi ni mtambo wa kuchapia, na hapa mafundi wetu wa serigrafi, wale wanaochapa fulana na bendera za timu, wataelewa haraka kuliko maprofesa. Kila rangi inataka fremu yake, nyavu yake, wino wake, na muda wake wa kukauka. Ukiongeza rangi umeongeza siku.

Kuba ndiyo nchi iliyogeuza shida hiyo kuwa utukufu. Machi 1959, miezi michache baada ya mapinduzi, serikali iliunda taasisi ya filamu, ICAIC. Kila filamu iliyoonyeshwa nchini, ya nyumbani au ya nje, ilitakiwa kupata bango lake lililobuniwa na kuchapwa Havana kwa serigrafi, sentimita 51 kwa 76. Karatasi na wino vilikuwa haba. Wabunifu kama Eduardo Muñoz Bachs, René Azcuy, Alfredo Rostgaard na Antonio Fernández Reboiro walikuwa na rangi chache na fremu za mkono. Mwaka 1964 Reboiro alipewa Harakiri, filamu ya Masaki Kobayashi wa Japani kuhusu samurai na desturi ya kujipasua tumbo. Aliweka doa jekundu kwenye karatasi nyeupe. Ukilitazama bango hilo utaona kwamba rangi ya pili ingeliharibu.

Mabango hayo yalitundikwa barabarani kwenye vibanda vya chuma vyenye umbo la mwavuli, kadhaa kwa pamoja, na sinema ilipelekwa mpaka milimani kwa malori. Mwaka 1967 Octavio Cortázar alitengeneza filamu fupi ya hali halisi kuhusu kijiji ambako watu walikuwa wakiona filamu kwa mara ya kwanza maishani, na filamu waliyoonyeshwa ilikuwa ya Chaplin. Muñoz Bachs ndiye aliyeibunia bango, akamweka Chaplin mwenyewe. Nenda ukalitafute. Ni bango la furaha, na furaha kwa kitu kimoja ni ngumu kuliko hofu kwa kitu kimoja.

Zoezi: chagua nakala moja uipake upya kwa kalamu mbili za rangi tu, tofauti kabisa na za asili. Vertigo ya buluu na kijani. Tazama jinsi kizunguzungu kinavyogeuka kuwa kiyoyozi. Hapo ndipo utakapojua kwamba machungwa yale yalichaguliwa kwa sababu.

Soma herufi kama picha

Kwa haraka hapa, kwa kuwa jicho lako sasa linajua kazi. Jina la filamu liko mahali pake, au limebandikwa baadaye? Ndugu wa Stenberg, katika bango lao la Man with a Movie Camera (1929), waliyazungusha maandishi hewani katikati ya majengo marefu yanayoinama, mwanamke akianguka chali kuelekea kwetu. Ukitaka kusoma jina ni lazima uzunguke nalo. Joseph Caroff, kwa West Side Story (1961), alizijenga herufi kama jengo la ghorofa: kando yake akaweka ngazi za kutokea moto, na wachezaji wakicheza juu ya ngazi. (Wengi humpa Bass sifa ya bango hili kwa sababu yeye alitengeneza majina ndani ya filamu.) S. Neil Fujita naye alimpa The Godfather mkono unaoshika nyuzi za kuchezeshea vibaraka juu ya herufi, kwanza kwenye jalada la kitabu mwaka 1969. Filamu ilipotoka mwaka 1972 waliuacha ulivyo.

Kipimo: ziba picha yote, acha herufi peke yake. Je, bado unahisi filamu? Halafu tazama afishi za mjini zenye aina nne za herufi kwenye ukurasa mmoja, uzihesabu.

Jua nani alilipa, nani aliruhusu

Bango halitoki kichwani mwa mchoraji peke yake. Hollywood mikataba ya waigizaji iliamua hata ukubwa wa majina na nani atangulie, ndiyo maana mabango mengi ya huko yamejaa vichwa, na ndiyo maana Bass alihitaji mwongozaji mkaidi kama Preminger nyuma yake. Kabla ya kumlaumu mchoraji wa Lubumbashi aliyejaza vichwa sita, fikiria mwenye tamasha aliyesimama begani kwake akisema, “Papa, na mimi uniweke hapo juu.”

Poland ilikuwa na hali nyingine. Baada ya vita usambazaji wa filamu ulikuwa mikononi mwa serikali, na kuanzia mwaka 1946 shirika la Film Polski liliwaita wachoraji wa kweli. Henryk Tomaszewski alikuwa mmoja wao. Mwaka 1948 alipata zawadi tano za kwanza katika maonyesho ya kimataifa ya mabango mjini Vienna. Hakukuwa na mwigizaji wa kudai uso wake uwe mkubwa, wala tajiri wa kuhesabu tiketi. Walikuwepo wakaguzi, na hao walijua kuzuia maneno kuliko michoro. Jan Lenica, Roman Cieślewicz, Waldemar Świerzy, Wiktor Górka na wenzao walipewa filamu wakarudisha fumbo. Nchi isiyo na uhuru wa kusema ilikuwa na kuta zinazosema, na mwaka 1968 ikafungua jumba la makumbusho la mabango huko Wilanów, Warszawa.

Kutoka hapo lilitokea bango ambalo kwangu ndilo kilele cha somo hili lote. Tarehe 4 Juni 1989 Wapoland walikuwa wapige kura katika uchaguzi ambao kwa mara ya kwanza upinzani wa Solidarność uliruhusiwa kushiriki. Tomasz Sarnecki, kijana mwanafunzi, alichukua picha ya Gary Cooper kutoka High Noon, filamu ya mwaka 1952 ya mlinzi wa mji anayekwenda kupambana peke yake saa sita mchana. Akaondoa bastola mkononi, akaweka karatasi ya kura. Nyuma, nembo nyekundu ya Solidarność. Kila aliyepita aliijua filamu. Kila aliyepita aliona kilichobadilishwa. Badiliko moja, kwenye picha ambayo taifa zima lilikuwa nayo kichwani tayari.

Usidanganywe na utupu

Baada ya mazoezi haya utaanza kupenda kila bango lenye nafasi kubwa nyeupe. Jihadhari. Utupu usio na wazo ni uvivu uliovaa vizuri. Pengo la Jaws lina kazi. Ukilijaza, bango linakufa. Ukurasa mweupe wenye kiti kimoja pembeni bila sababu hauna cha kupoteza.

Na kujaza si dhambi. Nchini Ghana, miaka ya 1980 na 1990, wenye vilabu vya video walizunguka na jenereta, televisheni na kinasa, na wachoraji waliwafanyia mabango makubwa kwa mkono juu ya magunia ya unga, mara nyingine bila kuiona filamu. Yamejaa nyoka, misuli, damu na vichwa vinavyoruka, na yana nguvu. Hata hapa kwetu, wachoraji waliokuwa wakiuza turubai mitaani miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu akiwa mmoja wao, walijaza watu tele katika picha za Colonie Belge, yaani koloni la Wabelgiji: bendera, jengo la gereza, askari, wafungwa, mzungu anayesimamia. Lakini rudi mbali, hesabu hadi tatu. Jicho linakwenda moja kwa moja kwa mtu aliyelazwa chini na fimbo iliyo juu yake. Wengine wote wamepangwa kuzunguka mgongo huo. Babu zetu walizisoma picha hizo sebuleni kila siku, hivyo jicho la kutafuta kitu kimoja si geni kwetu.

Kata lako mwenyewe

Hakuna anayemaliza kujifunza kutazama bila kutengeneza. Anza na zoezi dogo: mkasi na karatasi nyeusi, kata mji wa Lubumbashi kwa maumbo mawili. Utafika kwenye bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi, na kilima cheusi cha mabaki ya shaba kilicho kando yake, na ukimwonyesha mtu wa hapa atautaja mji kabla hujauliza. Sasa jaribu kwa umbo moja. Utateseka kidogo, ndiyo shule.

Kisha chagua filamu mtakayoionyesha uani kwa jirani au kwenye ukumbi wa parokia. Itazame mara mbili. Mara ya pili usifuate hadithi. Andika kila kitu kinachoshikika: ufunguo, kiatu, dirisha, kisu, barua, chungu. Pitia orodha ukitafuta kile kinachobadilika maana kati ya mwanzo na mwisho. Mara nyingi kipo kimoja, na karibu kila mara si uso wa mwigizaji. Kikate kwa mkasi bila kukichora kwanza kwa penseli, kwa sababu penseli inakuvuta kwenye vijimambo vidogo, na mkasi hauna subira navyo. Kata mara nyingi, tupa mara nyingi.

Weka umbo kwenye karatasi ya A3 ya rangi moja, ulisogeze juu, chini, pembeni, hadi nafasi tupu ianze kusukuma. Hapo gundisha. Jina la filamu liandike kwa herufi za kukata vilevile, ili mkono uwe mmoja. Siku, saa, mahali na kiingilio viende chini kabisa kwa aina moja ya herufi, vikisomeka kwa hatua mbili. Mwenye uwanja akitaka picha yake iwekwe, mpe heshima yake na umwandike jina vizuri mstari wa chini: “kwa ukarimu wa Papa fulani.” Wengi huridhika.

Toa nakala kwenye A3. Ukibandika kati ya Novemba na Machi, vika kila nakala nailoni nyepesi na uchague ukuta wenye baraza, kwa sababu mvua zetu hazibakizi karatasi. Usibandike karibu na afishi ya moto na vichwa kwa kuogopa kwamba yako itamezwa. Bandika palepale katikati yake. Halafu vuka barabara, simama na wauza makaa, usijitambulishe, na usikilize watu wanaliitaje. Wakisema “ile ya sinema”, rudi kwenye mkasi. Wakianza kusema “ile afishi ya ufunguo”, liache hapo na uanze kutafuta filamu ya wiki ijayo.